Vimeng'enya vya Ufizi na Faida ya Kukwanguliwa Meno

(Mazungumzo ya tabibu wa meno mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi, katika semina ya ustawi wa wanachama)



Nimeombwa nizungumze juu ya maradhi ya fizi, na hasa juu ya vipimo vinavyopima vimeng'enya kinywani. Nimeelezwa kwamba baadhi ya vyama vimeanza kufikiria kutumia sehemu ya mfuko wa ustawi kununua vipimo hivyo kwa ajili ya wanachama wao, na Halmashauri ingependa kujua kama fedha hiyo itakuwa imetumika vyema. Jibu ninalo, nami sitaondoka hapa bila kulitoa. Lakini halitaeleweka mpaka tumeelewana kwanza kimeng'enya ni kitu gani, kina kazi gani katika ufizi, na kinatuambia nini baada ya meno kukwanguliwa.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Wengi wetu huita kila damu itokayo katika fizi kiseyeye. Kiseyeye ni maradhi ya kukosa vitamini C, nayo hupona kwa matunda na mboga mbichi. Damu tunayoiona kila siku katika kliniki za meno aghalabu si hiyo, wala machungwa hayataizuia. Ni damu ya ufizi uliovimba kwa sababu ya ukoga.

Ukoga ni ule utando laini, wa rangi ya maziwa au manjano, ambao mtu aweza kuukwangua kwa ukucha asubuhi. Tumezoea kudhani kwamba ni mabaki ya chakula. Sivyo, ni maskani ya bakteria wa aina nyingi, walioshikamana na kujengeka tabaka juu ya tabaka. Ukiachwa siku kadhaa, hunyonya chumvichumvi za chokaa kutoka katika mate ukawa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauuwezi tena, uwe wa dukani au wa mti. Ndipo unapohitajika mkono wa tabibu na vyuma vyake.

Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, katika mji wa Aarhus huko Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba. Waliporudia kusafisha, zilipona kwa muda wa kama wiki moja. Jambo hilo lilikata shauri la miaka mingi: uvimbe wa ufizi huletwa na ukoga, na ukiondoka ukoga, uvimbe nao huondoka.

Lakini kuna hatua ya pili ambayo hairudi nyuma kwa urahisi namna hiyo. Jino halikusimama katika taya kama kigingi kilichopigiliwa ardhini. Limefungwa kwa nyuzi nyembamba nyingi mno zinazotoka katika mzizi na kuingia katika mfupa, na juu yake ufizi umelizunguka kama ukosi wa shati. Kati ya ufizi na jino pana upenyo mdogo, ambao kwa mtu mwenye afya kina chake ni milimita 1 hadi 3. Katika hatua ya pili nyuzi hizo hukatika, mfupa hupungua, na upenyo ule huwa mfuko wa milimita 5, 6, hata 8. Ndani ya mfuko bakteria hukaa mahali ambapo mswaki haufiki. Jino haliumi. Miaka hupita, halafu siku moja mtu anatafuna muhogo wa kuchoma na jino linayumba.

Sasa, si kila mwenye ukoga hufikia hatua hiyo. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye asili ya vipimo vyote tutakavyovizungumza. Mwaka 1970 Löe huyo huyo na wenzake walianza kuwachunguza wanaume 480, vibarua wa mashamba ya chai huko Sri Lanka. Vibarua hao hawakuwa wakipiga mswaki kama tunavyoelewa sisi, wala hawakuwahi kufikiwa na huduma yo yote ya kinga ya meno; na ni kwa sababu hiyo ndipo walipochaguliwa. (Jambo hilo lina uchungu wake, nasi tunaoishi kwa kilimo hatuwezi kulisoma bila kuuona. Wenzetu wachuma chai walifaa kwa elimu kwa sababu walikuwa wamesahauliwa.) Walifuatwa kwa miaka 15, na matokeo yakachapishwa mwaka 1986. Vinywa vyao vyote vilikuwa na ukoga mwingi, na fizi zao zote zilikuwa zimevimba. Hata hivyo, watu 11 katika kila 100 hawakupoteza cho chote zaidi ya kuwa na uvimbe. Watu 81 katika 100 walipoteza mshikamano wa meno polepole, na walipofika umri wa miaka 45 walikuwa wamekosa meno 7 kwa wastani. Na watu 8 katika 100 waliharibikiwa kwa kasi: walianza kupoteza meno tangu umri wa miaka 20, wakiwa na miaka 35 wamekosa meno 12, na walipofika 45 hawakubakiwa na jino hata moja.

Msidhani kwamba hayo ni ya Asia peke yake. Baelum, Fejerskov na Manji waliwachunguza watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65 katika wilaya ya Machakos, Kenya, wakatoa taarifa mwaka 1988. Huko nako ukoga na ufizi wenye damu vilikuwa karibu kwa kila mtu, lakini uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache.

Basi swali la tabibu ni hili: nikiwa na watu 100 mbele yangu, wote fizi zao zatoka damu, nitawajuaje wale 8 kabla meno yao hayajaanza kuyumba? Jicho halitoshi. Kile kipimio chetu cha chuma chenye alama za milimita kinatuambia mfuko una kina gani, lakini kinasoma yaliyokwisha kutokea. Hakisemi kama uharibifu unaendelea leo au ulisimama miaka mitano iliyopita. Picha ya eksirei ni vivyo hivyo. Damu nayo ni shahidi wa upande mmoja tu: ufizi ambao ukipimwa mara kwa mara hautoi damu, karibu daima u salama, lakini ule utoao damu si lazima kwamba mfupa wake unaliwa. Ndiyo sababu watafiti wakageukia vimeng'enya.

Neno letu kimeng'enya limechaguliwa vizuri, maana kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu vipande vidogo vidogo. Vipo vimeng'enya vinavyojenga pia, lakini leo habari yetu ni ya vile vinavyovunja. Wakulima wa kahawa mnavitumia kila msimu, hata kama hamviiti kwa jina hilo. Kahawa iliyomenywa ikivundikwa katika tangi, ule utelezi uliozunguka punje hauondoki kwa maji matupu. Huvunjwa na vimeng'enya, vingine vya tunda lenyewe na vingine vya vijidudu vilivyozaliana humo tangini, mpaka punje zikishikwa zinakwaruza mkononi. Kimeng'enya kidogo hufanya kazi kubwa, kwa sababu hakiishi kwa kutumika. Kikimaliza kukata hapa huhamia pale.

Katika mfuko wa ufizi mambo ni kama ya tangi lile. Vimeng'enya vinatoka pande mbili. Bakteria wana vyao. Lakini wingi wa vile vinavyokata nyuzi hautoki kwa bakteria, watoka kwetu wenyewe. Nyuzi za jino, kama kano na ngozi, zimefumwa kwa protini iitwayo kolajeni, ambayo ni ngumu kukatika kama kamba ya katani iliyosokotwa vizuri. Kwa muda mrefu wataalamu hawakujua mwili unaiondoaje. Mwaka 1962 Jerome Gross na Charles Lapiere, huko Boston, Marekani, waliutazama mkia wa kiluwiluwi. Kila mtoto aliyecheza mtoni anajua kwamba kiluwiluwi hupoteza mkia anapokuwa chura. Mkia hauanguki, bali huyeyuka ukarudi mwilini. Katika nyama ya mkia huo wakagundua kimeng'enya kinachokata kolajeni, nacho kikaitwa kolajenasi. Mwaka 1966 Fullmer na Gibson wakaonyesha kwamba ufizi wa binadamu nao unacho.

Leo tunajua kwamba kolajenasi iliyo muhimu zaidi katika maradhi ya fizi hutoka katika seli nyeupe za damu, nayo katika vitabu huandikwa MMP-8. Seli nyeupe ni askari wa mwili. Hubeba kimeng'enya hicho katika vifuko vidogo ndani yake, pamoja na kingine kiitwacho elastasi. Bakteria wanapojaa katika mfuko wa ufizi, askari hao huitwa kwa maelfu, nao hufungua vifuko vyao. Kolajenasi huukata uzi mahali pamoja tu, robo ya urefu wake kutoka ncha moja. Baada ya hapo uzi hulegea, na vimeng'enya vingine humaliza kazi. Mwili una vizuizi vyake vya kukizima kimeng'enya hicho kazi ikiisha. Shida ni pale ukoga usipoondoka. Vita haviishi, askari hawaondoki, vizuizi vinazidiwa, na mlinzi wa ghala akawa anavunja kuta za ghala lile lile alilopewa kulinda kwa kumtafuta mwizi.

Kipo kimeng'enya kingine ambacho pengine wengine mmekiona katika karatasi za hospitali, kiitwacho AST. Hicho hukaa ndani ya seli, hakina kazi nje. Seli ikifa na kupasuka, humwagika. Mwaka 1954 madaktari walianza kukipima katika damu kujua kama moyo umeumia, na baadaye ini. Katika ufizi jambo ni lile lile: AST ikiwa nyingi katika mfuko, maana yake seli zinakufa hapo, leo. Katika miaka ya 1990 kilitengenezwa kipimo cha rangi cha kufanyia kando ya kiti cha mgonjwa. Hakikuenea sana, na sababu mojawapo ni kwamba AST hupanda hata katika uvimbe wa kawaida usiokula mfupa. Vipo na vingine, kama beta-glukuronidasi na fosfatasi ya alikali. Sitavieleza vyote, isipokuwa hiki cha mwisho nitakirudia.

Majimaji ya kupimwa yanapatikanaje? Katika ule upenyo kati ya jino na ufizi hutoka majimaji kidogo mno, chini ya tone, nayo huzidi ufizi ukivimba. Tabibu hukausha jino, huchomeka kijikaratasi chembamba cha kunyonya kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha kijikaratasi hupelekwa maabara. Njia hiyo husema habari ya jino moja moja, lakini ni ya wenye maabara. Njia nyingine iliyokuja baadaye, na ambayo watafiti wa Helsinki huko Finland, akiwamo Timo Sorsa, wameifanyia kazi miaka mingi, ni ya kusukutua. Mtu husukutua kwa maji safi kidogo, hutema katika kikombe, na kijiti huchovywa humo. Baada ya dakika chache mistari hutokea, kama ile ya kipimo cha haraka cha malaria ambacho wote tunakijua. Mstari wa pili ukitokea, maana yake MMP-8 iliyo hai imezidi kiwango kilichowekwa, yaani nanogramu 20 katika mililita moja. Kipimo hiki ndicho mlichosikia habari zake.

Sasa nifike penye kiini. Wanachama wa vyama vya maziwa watanisaidia. Maziwa yanapofika kiwandani hupashwa moto nyuzi 72 kwa sekunde 15 ili kuua vijidudu. Mnajuaje kwamba yamepashwa vya kutosha, wala fundi hakusinzia? Hamuwezi kungoja wanywaji waugue. Tangu miaka ya 1930 kimetumika kipimo cha fosfatasi. Maziwa mabichi yana kimeng'enya hicho kwa asili yake, nacho hufa kwenye joto linalozidi kidogo lile linaloua vijidudu vya kifua kikuu. Kikionekana bado ki hai, maziwa hayakupashwa sawasawa, au yamechanganywa na mabichi. Kimeng'enya hapo hakiponyi maziwa. Ni shahidi tu wa kazi iliyofanywa.

Katika ufizi vimeng'enya vina faida ya namna hiyo hiyo, nayo kwa maoni yangu ndiyo faida yao kubwa kuliko ile ya kutabiri. Vinashuhudia kama matibabu yamefanya kazi.

Matibabu yenyewe ni kukwangua ukoga laini na ule mgumu, juu ya ufizi na chini yake, na kusafisha mizizi mpaka iwe laini. Hakuna dawa mpya iliyochukua nafasi ya kazi hiyo ya mikono. Ikifanywa vizuri, na mgonjwa akaendelea kusafisha nyumbani, mifuko ya milimita 4 hadi 6 hupungua kwa milimita 1 hivi, na ile ya 7 na kuzidi hupungua kwa milimita 2 hivi. Hesabu hizo zaonekana ndogo. Lakini mfuko wa milimita 5 ukiwa 4 usiotoa damu, jino hilo limetoka katika hatari na kuingia katika uangalizi. Na vimeng'enya? Katika majuma yanayofuata kolajenasi hushuka, elastasi hushuka, AST hushuka. Tangi limeoshwa. Askari wameagwa. Mahali ambapo kimeng'enya hakishuki hata baada ya kukwanguliwa, au kinashuka kisha kinapanda tena, ndipo pa kutiliwa shaka: ama ukoga umebaki chini kabisa, ama mwenyewe ana jambo jingine mwilini linaloendeleza moto.

Kwa kawaida mambo hayo ni mawili. La kwanza ni tumbaku. Mvutaji fizi zake hazitoki damu nyingi, kwa hiyo hujiona mzima, nawe tabibu usipotumia kipimio utadanganyika. Naye huchelewa kupona, na vimeng'enya katika mifuko yake mara nyingi hubaki juu. La pili ni ugonjwa wa kisukari. Sukari isiyodhibitiwa huharakisha kuoza kwa mshikamano wa meno, na kwa upande wa pili fizi zenye ugonjwa huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari wakitibiwa fizi, kile kipimo cha wastani wa sukari hushuka baada ya miezi mitatu hadi minne kwa pointi 0.4 hivi, kama vile kutoka 8.4 kufikia 8.0. Mwanachama mwenye kisukari anayekwanguliwa meno anatibiwa zaidi ya meno.

Hapa sina budi kusema juu ya uvumi mmoja, maana nimeukuta katika kila kijiji nilichofanya kazi: kwamba kusafishwa meno hospitalini hulegeza meno. Wanaosema hivyo hawasemi uongo juu ya waliyoyaona. Wameyasoma vibaya tu. Mtu aliyekaa na ukoga wa jiwe miaka 20, jiwe hilo limeyaunga meno yake ya mbele yakawa kama ukuta mmoja. Likiondolewa, meno yaliyokwisha kupoteza mfupa hujionyesha yalivyo, nayo huyumba. Pili, ufizi uliovimba ukinywea, meno huonekana marefu, na nafasi hutokea kati yake. Tatu, mizizi iliyokuwa imefunikwa na jiwe huhisi baridi, na maji ya mtungini huuma kwa majuma machache. Yote hayo ni kweli, na yote yaelezwe kwa mgonjwa kabla ya kuguswa jino la kwanza. Nimeona wazee waliokataa kurudi kwa sababu hawakuambiwa, si kwa sababu walitendewa vibaya. Uyumbaji wenyewe mara nyingi hupungua ufizi unapokaza.

Hapa kipimo cha kimeng'enya kinaweza kusaidia kwa njia ambayo vitabu haviisemi sana. Mtu anayeamini kwamba ameharibiwa meno akionyeshwa kijiti cha kabla chenye mistari miwili na cha baada chenye mmoja, huelewa.

Na dawa? Mwaka 1983 Lorne Golub na wenzake huko New York waligundua kwamba tetrasaikilini, mbali na kuua bakteria, huizuia kolajenasi. Kutokana na hilo ilitengenezwa doksisaikilini ya miligramu 20, kipimo kidogo kisichoua bakteria, kikakubaliwa Marekani mwaka 1998 kutumika pamoja na kukwangua, si badala yake. Faida yake ni ndogo, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 haukuipendekeza. Naisema habari hiyo kwa sababu najua itageuzwa. Wapo watakaosikia tu kwamba vidonge vya rangi mbili huponya fizi, wakaenda dukani. Vidonge hivyo, kwa kipimo cha dukani na bila kukwanguliwa, havitaondoa jiwe, na vitawazoesha bakteria dawa. Tetrasaikilini tena huyatia meno ya watoto rangi isiyotoka, kwa hiyo wajawazito na watoto wadogo wasiiguse.

Sasa jibu nililoahidi. Je, vyama vinunue vipimo vya vimeng'enya na kuwapima wanachama wote siku ya mkutano mkuu? Nasema hapana. Sisemi hivyo kwa kuvidharau. Nimeeleza kwa kirefu kwa nini navithamini. Nasema hivyo kwa sababu tatu. Mtu atakayeambiwa kijiti chake kina mistari miwili atauliza aende wapi, na kama kituo cha karibu hakina seti ya kukwangulia wala tabibu wa kuitumia, tutakuwa tumemuuzia hofu. Halafu, kipimo cha kusukutua husema habari ya kinywa kizima, hakionyeshi ni jino lipi. Lazima tabibu apime tena kwa mkono wake. Na katika kijiji ambako karibu kila mtu mzima ana ukoga wa jiwe, hatuhitaji kijiti kutuambia nani akwanguliwe. Wote wakwanguliwe.

Fedha iende kwanza kwenye kazi yenyewe: seti za vyuma zinazotosha ili moja ikiwa inachemshwa nyingine itumike, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, siku za tabibu, na usafiri wa kumleta. Kuna vyama vitakavyoona kwamba haya si mapya wala hayapendezi kama kijiti chenye mistari. Nakubali. Ila mwanachama aliyeng'olewa jino halipati tena, na meno mengi ninayoyang'oa kwa watu wa umri wa miaka 40 na 50 hayana hata tundu. Yamekosa tu cha kuyashika.

Baada ya hapo, chama kikiwa na tabibu anayefika kwa ratiba, vipimo vichache vinunuliwe na vikae kliniki, si ofisini kwa katibu. Vitumiwe kwa wale ambao fizi zao hazikutulia baada ya kukwanguliwa, kwa wenye kisukari, na kwa wavutaji wanaodai kwamba hawana neno. Matumizi hayo ni ya busara, nami nitayaunga mkono mbele ya Halmashauri.

Jambo la mwisho ni la tarehe, nalo ni la makatibu hasa. Kukwanguliwa mara moja ni nusu ya matibabu. Mgonjwa lazima arudi baada ya majuma 6 hadi miezi 3 ili mifuko ipimwe tena, palipobaki ukoga pakwanguliwe, na hapo ndipo kipimo cha kimeng'enya, kama kipo, kina maana. Wengi hawarudi, na ukitazama daftari utaona sababu: zamu ya kwanza iliwekwa wakati wa palizi, na ya pili ikaangukia katikati ya kuchuma, wakati hata mgonjwa wa homa haendi hospitali. Kwa hiyo naomba kila chama kihesabu kuanzia nyuma. Andikeni kwanza majuma ambayo kahawa haichumwi na maziwa yana wa kuyapeleka, wekeni hapo siku ya kurudi, kisha rudini nyuma miezi miwili mpate siku ya kwanza. Orodha ya wanachama wenye kisukari na wajawazito iandikwe kando, kwa ridhaa yao na kwa siri, ili waitwe asubuhi, kabla ya foleni. Fomu ziko mezani kwa Ndugu Katibu wa semina. Chukueni mbili mbili, moja ibaki chamani.

 Niko tayari kwa maswali.